Finjani Iliyojaa Pomoni

Nilikaa miezi minane katika nyumba ile ya Riyadh kabla ya kuruhusiwa kummiminia mtu kahawa. Kupika nilipika kila siku. Nilikaanga buni zikabaki na rangi ya majani makavu, nikatwanga iliki, nikatia zafarani kidogo nilivyoonyeshwa. Lakini kahawa ikishaingia katika birika la shaba lenye mdomo mrefu, lile ambalo watu wa pwani kwetu huliita dele, nililibeba mpaka mlango wa sebule ya wageni, basi. Binti wa nyumba alilipokea pale mlangoni, nami nikarudi jikoni kulingoja lirudi tupu.

Sikuwa na kinyongo. Mimi natoka Taita, juu milimani, na kwetu ni chai. Chai ya maziwa, tangawizi, kwenye kikombe kikubwa cha bati ambacho mgeni hukishika kwa mikono miwili. Mama yangu akikupa kikombe kisichofika ukingoni, ujue ama maziwa yamekwisha ama hakupendi, na maziwa kwa mama yangu hayakuwa yanaisha kwa urahisi. Nilipoona vile vikombe vidogo vya Riyadh, finjani zisizo na mkono, zikitiwa kahawa ya kulowesha kitako tu, nilijisemea kimoyomoyo kwamba watu hawa wana majumba ya marumaru lakini ni bahili ajabu. Fikra hiyo nilikaa nayo miezi minane bila kumwuliza mtu, na hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Tulikuwa watu watano mle ndani. Baba alikuwa mtu wa kazini na wa simu, tukionana naye kwenye chakula. Madam, mkewe, alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, mkali wa saa na wa vumbi. Binti yao alikuwa na miaka ishirini na saba, mhandisi, akiendesha gari lake mwenyewe jeupe kwenda ofisini, na jioni akirudi alivua viatu jikoni na kula sufuriani nikimgombeza. Halafu kulikuwa na mama yake baba, bibi mzee wa magoti mabovu na macho makali, ambaye mimi, kama wafanyakazi walionitangulia, nilimwita mama kabira, yaani mama mkubwa. Wa tano ni mimi.

Riyadh ile ilikuwa inabadilika mbele ya macho yetu, na kila mtu nyumbani alibadilika kwa kiasi chake. Binti alinipeleka mara moja kwenye mkahawa ambako wasichana wa Kisaudi wenyewe ndio waliokuwa nyuma ya meza wakiuza, na kwenye orodha ya vinywaji pameandikwa "kahawa ya Kisaudi" mahali ambapo zamani, aliniambia, pangeandikwa "ya Kiarabu". Alinionyesha kwa fahari. Tuliporudi akamsimulia bibi yake, na mama kabira akaguna kwamba kahawa ni ya watu wa Najdi, hao wengine wote wameikuta. Najdi ni bara yao ile ya katikati, jangwani, na kwa mama kabira dunia ilianzia hapo na kuishia hapo.

Ndiyo maana mchumba alipotokea, nyumba iliingia baridi. Alikuwa kijana wa ofisini kwa binti, mpole, mwenye kazi nzuri, na nyumbani kwao ni Jeddah. Jeddah ni pwani, na watu wake wa zamani wamechanganyika damu na mahujaji wa kila upande. Babu wa babu yake huyu kijana alitoka Bukhara kuja kuhiji, akaugua, akapona, akaoa, akabaki. Baba alifikiri siku tatu, akasema zama zimebadilika na kijana anasali. Madam alikubali kwa sababu binti alimtaka, na binti alimtaka kwa namna ambayo hata mimi jikoni niliiona, maana aliacha kula sufuriani. Mama kabira alisema neno moja tu, kwamba hao ni watu walioletwa na bahari. Mwanawe akamwomba asirudie, naye hakurudia.

Simcheki. Kwetu pia huulizwa, na kwa maneno mabaya kuliko hayo.

Siku ya mama wa kijana kuja kutoka Jeddah kumtazama binti, yule mwanamke wa kukodi ambaye humimina kahawa kwenye shughuli za kina mama hakutokea. Binti asingeweza kumimina. Yeye ndiye aliyejiwa kutazamwa, na hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe. Madam alinijia jikoni akanivisha aproni safi, akaniambia upesi upesi: dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, anza na mgeni mkubwa, na shwaya, shwaya, kidogo kidogo. Alinionyesha kwa vidole viwili jinsi kidogo kilivyo kidogo. Sababu hakunieleza. Ni jambo ambalo watoto wao hulijua kabla ya kujua kufunga vifungo, nani angefikiri kulieleza.

Mgeni alikuja na dada zake wawili, ambao hawana kazi katika kisa hiki. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini na pete ya akiki. Nilipoinama kumpa finjani ya kwanza alinitazama usoni, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akaniuliza mama yangu yu hai. Nikamwambia yu hai, alhamdulillahi, kwa maana neno hilo hata sisi Wakristo tulishalizoea. Akaniuliza anaendeleaje na afya yake, kisha akangoja jibu.

Miezi minane hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza habari za mama yangu. Madam akatoka kwenda juu kumweka binti sawa, sebuleni nikabaki mimi na wageni na mama kabira kwenye kiti chake na tasbihi mkononi. Mzunguko wa pili ukaanza. Nikamtazama mwanamke yule mwema na ile finjani iliyotiwa tone, nikaona haya kwa niaba ya nyumba nzima. Nikajiambia, huyu hatatoka hapa akisema tulimpimia kahawa. Nikamjazia finjani yake mpaka kahawa ikasimama juu ya ukingo, nikampa nikitabasamu.

Hakuipokea mara moja. Aliitazama, halafu akamtazama mama kabira. Mama kabira alikuwa ameiona finjani, hilo naliapia. Kisha akateremsha macho kwenye tasbihi yake. Mgeni akaipokea finjani kwa adabu, akaiweka mezani bila kuigusa kwa mdomo, akasema maneno ya kushukuru na kuombea nyumba baraka, akainuka. Dada zake wakainuka. Madam aliposhuka amemshika binti mkono, binti amevaa nguo ya rangi ya zumaridi, sebule ilikuwa na mimi na bibi tu, na milango ya gari ilikuwa inafungwa nje.

Madam ndiye aliyenifundisha, kwa hasira. Aliteka maji ya bomba, akamimina kidogo kwenye finjani: hii ni karibu, kaa, tutakutilia tena na tena. Akamimina mpaka yakamwagika juu ya meza: hii ni kunywa, halas, uende zako. Tena finjani haina mkono, ikijaa humuunguza mgeni vidole, kwa hiyo anayekujazia anajua anachokifanya. Ni tusi ambalo halihitaji mdomo. Nilisimama pale nikitazama maji yakidondoka sakafuni na nilitamani sakafu inimeze.

Alipiga simu Jeddah mara mbili. Alieleza kwamba ni mfanyakazi, mgeni, hajui. Nilikuwa naosha vyombo na niliisikia ile sauti ya chini ikimjibu, bila ukali wowote, "Siku zote huwa ni mfanyakazi." Na kweli, ndivyo ilivyo. Chombo kikivunjika ni mfanyakazi, harufu ikitoka ni mfanyakazi, kwa hiyo siku ambayo kweli alikuwa mfanyakazi hakuna aliyesadiki. Posa ikafa. Yule kijana akaomba kuhamishiwa ofisi ya Jeddah, na mama yake akamtaka aheshimu alichokiona yeye kwa macho yake.

Madam alisema wiki itakayoanza nitarudishwa kwenye ofisi ya mawakala iliyonileta, wanitafutie nyumba nyingine. Binti ndiye aliyekataa. Alimwambia mama yake kwamba nikifukuzwa mimi itakuwa ameadhibiwa yeye mara mbili. Kisha akaja jikoni, akaketi kwenye kigoda, na kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza akaniambia, "Ungeniuliza tu." Akaondoka na viatu vyake mkononi, na tangu siku hiyo hakula tena jikoni kwangu.

Kesho yake mama kabira aliniita chumbani. Akatoa kwenye kabati lake kisanduku cha tende za kwao, laini, zile ambazo huwapa wanawe peke yao, akanipa zote. "Kula," akasema. Nilidhani ananihurumia. Nilizila zote siku mbili nikilia, nikamwona ndiye mtu pekee mwenye moyo katika nyumba ile.

Ikapita miezi mitatu. Binti alikwenda kazini na kurudi. Alikuwa na adabu kwa kila mtu, na adabu ile ilinichoma kuliko matusi. Mimi mwenyewe nimewahi kukataliwa. Nilipokuwa na umri wake, watu wa upande wa mwanamume walisema uongo juu ya ukoo wetu mbele ya kikao, na mjomba wangu, aliyekuwa anaujua ukweli kama kiganja chake, alikaa kimya kwa sababu naye hakuwapenda wale. Binti niliyezaa baadaye analelewa na mama yangu hadi leo. Kwa hiyo nilijua hasa nilichokuwa nimemfanyia huyu, na nikakata kauli kwamba sitaondoka Uarabuni kabla sijakifanyia kitu. Sikujua ni kitu gani.

Likizo ya shule ilipofika baba alikodi nyumba Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, karibu na bahari, ili familia ipumzike na kwenda umra Makka. Siku tuliyofika binti ndiye aliyekuwa usukani. Tulipopita lango jeupe lililoangukiwa na maua ya waridi alipunguza mwendo, akatazama, akaongeza mwendo. Nikajua ni kwao yule kijana. Nilihesabu vichochoro kutoka pale mpaka kwetu. Vilikuwa vinne.

Makka Mkristo haingii. Mimi nilijua hilo tangu Nairobi, na nyumba nyingi huwaacha Wakristo wao Jeddah siku hiyo pamoja na funguo na maagizo. Safari hii mama kabira naye alibaki, maana magoti yalikuwa yamevimba na umra alishazifanya zaidi ya alizoweza kukumbuka. Madam alitoka asubuhi na mumewe na binti akiniambia nimpe bibi dawa saa sita na nisifungue mlango.

Nilimtumia ujumbe wa sauti rafiki yangu mmoja wa Kiambu, anayefanya kazi za ndani karibu na Dirah kule Riyadh. Nilimwambia ninachotaka kufanya. Jibu lilikuja moto moto. "Wee, wachana na mambo ya watu. Ukitoka hapo bila ruhusa kafili akupige huruub, unajua hiyo ni nini? Wewe ni mtoro, ikama imekufa, unashikwa kama mwizi. Na hata hao wenye harusi hawatakuja kukuona huko ndani. Kaa hapo upike." Alisema kweli yote. Kafili ni tajiri mwenye makaratasi yako, na akiripoti kwamba umetoroka, kibali cha kukaa hakikusaidii kitu. Nilisikiliza ujumbe ule mara mbili, nikampa mama kabira dawa zake, nikamfunika miguu, nikangoja mpaka akaanza kukoroma. Kisha nikavaa abaya na kutoka.

Jua la adhuhuri ya Jeddah lina unyevu, linakushika shingoni. Nilitembea vichochoro vinne nikiwa na roho mkononi, nikiogopa kila gari lililopunguza mwendo. Langoni nilimwambia msichana wa Kiindonesia aliyefungua kwamba nataka kumwona madam wake, na kwamba mimi ni yule wa finjani. Aliniangalia kwa mshangao, akaenda. Inaelekea alifikisha maneno yangu vilevile, kwa sababu nilikaribishwa ndani mara moja.

Yule mama alikuwa ameketi penye upepo wa mashine akimenya machungwa. Alinitambua.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, madam. Nimekuja kwa miguu yangu."

"Wenyewe wako wapi?"

"Makka. Mimi Mkristo, nimebaki."

Aliitikia kwa kichwa. Kiarabu changu ni cha jikoni, najua majina ya viungo vyote na maneno yote ya kuomba radhi, na siku ile niliyatumia yote mawili. Nilimweleza kikombe cha mama yangu. Nilimwambia kwamba kwetu nusu kikombe hupewa mtu unayetaka aondoke, na kwamba shwaya ya madam niliielewa kuwa ni ubahili. Nilimwambia nilimjazia yeye peke yake kati ya wote, kwa sababu aliniuliza habari za mama yangu. Nikamwambia binti hana kosa na nyumba haina kosa, kosa ni la mkono huu, na nikaunyosha mkono wangu mbele yake.

Aliuweka chini ule mkono, taratibu, akanipa pande la chungwa.

"Nilikuamini siku ileile," akasema. "Mtu anayenifukuza hatabasamu hivyo. Niliuona uso wako."

Sikuelewa. Nilimwuliza kwa nini basi aliondoka.

"Kwa sababu nilimtazama bibi yenu. Nilimpa nafasi. Angesema tu, 'Huyu ni mgeni, hajui,' tungecheka wote, ungetia nyingine. Yeye aliona, akahesabu shanga. Wewe ulijaza finjani, mwanangu. Aliyenifukuza ni yeye. Nimpeleke mwanangu akaoe katika nyumba ambayo mkubwa wake amenionyesha mlango?"

Hapo zile tende zilinirudi kooni. Kisanduku kizima, zile za wanawe peke yao. Hazikuwa za huruma. Zilikuwa asante. Nilikuwa nimelipwa kwa kazi ambayo sikujua nimeifanya, na nikala malipo mpaka kokwa ya mwisho. Nilikasirika. Nilimwomba yule mama anipe mpaka jioni. Hakuniuliza mpaka jioni nitafanya nini.

Nilipofungua mlango mama kabira alikuwa macho, ameketi sebuleni, fimbo magotini.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa mama wa yule kijana."

Akasema, kama mtu ambaye hakusikia nilichomjibu, "Nitilie kahawa."

Nilikwenda nikaipika. Sikuharakisha. Nilitwanga iliki, nikatia zafarani, nikaiacha itulie jinsi yeye mwenyewe alivyonifundisha mwezi wangu wa kwanza. Nilipokuwa naingoja nilipiga moyo konde. Nilimfikiria binti yangu, na karo, na mama yangu, na maneno ya rafiki yangu wa Kiambu, na niliona wazi kwamba ninachotaka kukifanya huenda kikanirudisha kwetu kabla ya wiki kwisha. Nikachukua dele kwa kushoto, finjani kwa kulia. Nikasimama mbele yake na kumimina. Nilimimina mpaka kahawa ikasimama juu ya ukingo, nikampa.

Aliitazama ile finjani.

"Umesahau," akasema.

"Sijasahau, mama kabira. Leo najua."

Macho yake yalinipandia polepole. Niliyangoja, sikuinamisha yangu. Katika maisha yangu yote ya kazi za nyumba za watu hiyo ndiyo mara moja tu sikuinamisha macho.

"Naweza kumpigia mwanangu sasa hivi."

"Najua."

"Ataandika kwamba umetoroka."

"Najua, mama."

"Na bado umejaza."

"Bado."

Aliipokea. Ilikuwa inaunguza, niliona ncha za vidole vyake zikibadilika rangi, lakini hakuiweka chini wala hakumwaga tone. Alikunywa mpaka mwisho, kwa mafunda madogo, akitazama dirishani ambako bahari ilionekana kipande tu kati ya majengo mawili. Kisha akaitikisa finjani huku na huku mbele yangu, kama wafanyavyo wao wakitosheka.

"Yule msichana analia bado?" akauliza.

"Halii. Aliacha. Hata kula jikoni aliacha."

Alikaa akiizungusha finjani tupu kiganjani. "Mama yangu alikataa wachumba wangu watatu," alisema baadaye, na sikujua kama anazungumza nami. "Wa nne ndiye babu yao." Hakuniambia kama alimpenda mmoja wa wale watatu, nami sikumwuliza. Alijishika kwenye fimbo.

"Lete abaya yangu. Yalla, kabla hawajarudi."

Vichochoro vinne vilituchukua karibu nusu saa. Alisimama kwenye kila kona akiniegemea kwa uzito wake wote, na alikuwa mzito. Aliwalaani madaktari, akalilaani jua la Jeddah, akaniambia natembea kama ngamia mwenye haraka. Nilifurahi kumsikia akinigombeza. Langoni alijinyoosha, akaweka shela yake sawa, akanitaka nimwachie mkono aingie mwenyewe.

Yule mama alisimama alipomwona. Walisalimiana kwa muda mrefu, kama wanavyosalimiana wao, afya, watoto, mvua. Mama kabira hakuketi alipokaribishwa. Alisimama katikati ya zulia, akisogeza uzito kutoka goti moja kwenda jingine, na mimi nikasimama nyuma yake nikiwa tayari kumdaka. Nilikuwa namjua. Nilitegemea aseme ni mfanyakazi, ni Mkenya, hajui. Nilishajiandaa kuinamisha kichwa na kulipokea hilo, maana lingetosha, lingempa binti anachokitaka, na mimi nimezoea.

"Siku ile," mama kabira akasema, "msichana huyu hakujua. Mimi nilijua. Niliona, nikanyamaza."

Mwenye nyumba hakumtaka aongeze neno. Alimshika kiwiko, akamketisha mahali pake mwenyewe, penye upepo, akamwambia kwamba safari hii wakija Riyadh wangependa binti amimine kwa mkono wake. Kisha akaagiza dele. Msichana wa Kiindonesia alipolileta, yule mama alinielekezea mimi kwa kidevu.

Nilishika dele kwa kushoto. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na mkono wa kuyafutia. Nilimimina kidogo, chini ya nusu, kiasi ambacho mama yangu angekionea aibu, nikampa mama kabira kwanza kwa sababu sasa yeye ndiye mgeni. Akanywa. Nikamtilia ya pili, akanywa, na ya tatu. Ya tatu ilipokwisha nilisimama mbele yake nimngoje aitikise, ili nijue ametosheka na tuondoke kabla ya gari jeupe kurudi.

Hakuitikisa. Aliniinulia finjani, nami nikamtilia tena, shwaya.